Mkono Ulio Begani kwa Mama Yako

Uyole, Jumamosi jioni

Tusekile mwanangu,

Shangazi yako amekwisha kukuambia yote ya sweta, ya maharage na ya namna ya kuishi na wanachuo wenzako, tena amerudia, kwa hiyo mimi hayo sina. Baridi ya Iringa haiwezi kukutisha, wewe ni mtoto wa Uyole. Nakuandikia kwa sababu ya swali lako la wiki iliyopita, ulipoiweka kamera yako ndogo mezani karibu na bakuli la viazi ukasema, "Baba, nikipata pesa ninunue fulufremu, ile kamera kubwa, au nibaki na hii kropu? Wewe ulikuwa mpiga picha, niambie." Nikakujibu tutaongea, nikainuka kwenda kumtazama ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote. Wewe ulijua, na mimi nilijua kwamba umejua.

Sasa nimekaa sebuleni na kiti nimekigeuza ili niipe mgongo ile picha ya mama yako. Nilijaribu kuandika huku nikiitazama, nikashindwa. Mama yako ametazama mbele, kicheko kinataka kumtoka, na begani kwake kuna mkono umevaa glovu nyeupe, umekatwa chini kidogo ya kiwiko, hauna mwenyewe. Ulipokuwa mdogo hukupita sebuleni peke yako jua likishazama. Ulipokua ukaanza kuutania mkono ule, ukauita bibi harusi asiye na kichwa. Siku uliyoniuliza ni wa nani nilikuambia ni wa bibi harusi mmoja niliyempiga zamani, na kwamba jina lake nimelisahau.

Nilikudanganya. Nivumilie nitafika hapo, maana ukiuliza habari ya kamera umeuliza na habari ya mkono, japo hukujua.

Mimi sikuanza na harusi, nilianza na majani ya viazi. Nilikuwa msaidizi wa shambani kule kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, na wakubwa walitaka picha za majani yenye ukungu wa viazi, tangu doa linapoanza dogo kama tone la chai mpaka jani zima linapokuwa jeusi. Mtafiti mmoja mgeni alipoondoka aliniachia kamera yake, ndiyo hiyo hiyo unayoitumia wewe. Niliipenda kupita kiasi. Nilipiga maua ya maharage, nilipiga kwato za ng'ombe, nilipiga harusi za majirani kwa malipo ya sahani ya pilau. Mama yako akasema, "Baba Tuse, mimi ningezaliwa kiazi ungenipenda zaidi."

Mama yako, Leontina wa Ipogolo, hakuwa mtu wa kuombaomba. Ndiyo maana nazikumbuka mara zote tatu alizoniomba. Alitaka picha yake peke yake, amekaa kwenye kiti, ya kutundika sebuleni. Hakutaka kingine.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kusoma mambo ya kamera mtandaoni, nikienda mjini kukodi kompyuta na kukaa nikiwatazama watu nisiowajua wakigombana kuhusu ukubwa wa sensa, yaani kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga. Kwenye kamera kama yako kibapa ni kidogo, kinachukua katikati ya kile lenzi inachokiona na pembeni kinakata. Kwenye fulufremu ni kikubwa, kinachukua chote, na kwenye giza kinaona vizuri zaidi. Hayo unayajua kuliko mimi. Usichokijua ni jinsi maneno yale yalivyoniingia. Nikaanza kuiona kamera yangu kama yenye chongo. Kila picha nilidhani nimepunjwa kitu pembeni.

Mara ya kwanza nilimwambia asubiri ninunue kubwa, hii inakata. Akajitazama juu mpaka chini. "Inakata nini? Mimi mwenyewe si mpana hivyo." Tukacheka wote wawili. Mara ya pili nilimjibu hivyo hivyo, akasema ngojangoja huumiza matumbo, akaingia jikoni.

Mara ya tatu hakuomba kwa mdomo. Ilikuwa saa kumi jioni, mvua imetoka kukatika, na mwanga ulikuwa ule mlaini unaompendeza kila mtu. Alikuwa ameoga na kujipaka mafuta, amelipiga pasi gauni lake la bluu la Pasaka, ametoa kiti nje mwenyewe na kukiweka ukutani. Nikatokea na kamera shingoni, betri imejaa. Nilikuwa nawahi shamba nikapige majani kabla matone hayajakauka. Nikamwambia, "Mama Tuse, mtu wa fulufremu nimeshampata, ni mwezi huu huu. Nikupige na hii ya nini? Utakuja kujuta." Nilipofika kwenye uzio niligeuka, bado alikuwa amekaa, mikono iko mapajani, anatazama mahali nilipokuwa nimesimama.

Hiyo ndiyo picha ninayoiona kila siku ya maisha yangu, Tuse, na sikuipiga. Najuta mpaka mwili unauma.

Fulufremu ilikuja kweli. Nilinunua kwa mpiga picha wa mjini aliyekuwa anaacha kazi hiyo akalime mpunga. Ilikuja bila lenzi, na nilipoifungia lenzi yangu ya zamani picha ikatoka na weusi kwenye pembe zote nne, kama unachungulia kwenye bomba. Lenzi iliyotengenezewa kamera ndogo haiitoshi kubwa. Nikaagiza lenzi ya milimita hamsini kutoka Dar kwa Bosko, dereva wa lori tuliyefahamiana pale sokoni. Kubwa nikaifunga taulo nikaiweka juu ya kabati. Ndogo nikaitupa ndani ya kabati kwa dharau.

Katikati ya kusubiri huko ikaja komunyo yako ya kwanza. Ulikuwa na miaka tisa. Nikaitoa ile ndogo kwa sababu shangazi yako alinifokea, nikapiga picha chache huku nikinung'unika kwamba jua ni kali. Mama yako alikaa kwenye ngazi za kanisa. Wewe ulisimama nyuma yake, na gauni lako jeupe na glovu zako nyeupe, ukamwekea mkono begani. Nikapiga moja.

Sasa umeshajua. Mkono ni wako.

Wiki tatu baadaye mama yako alishikwa na homa ya mapafu. Ilimchukua siku tatu tu.

Misiba yetu unaijua. Jeneza haliwezi kutoka nyumbani bila msalaba na picha ya marehemu kutangulia. Wazee walinifuata kuniuliza picha iko wapi, na mmoja akasema, "Hilo halina shaka, hapa ni kwa mpiga picha." Nikafungua kompyuta ya kazini. Majani ya viazi, mamia kwa mamia. Maharusi wa watu. Mama yako alikuwemo, lakini mgongo wake akisugua sufuria, sikio lake, nusu ya kitenge chake akipita nyuma ya bibi harusi wa jirani. Kinyozi hajinyoi, ndivyo walivyonong'onezana chini ya turubai, na mimi niliwasikia. Uso wake wote, umetazama mbele, ulikuwepo kwenye picha moja tu.

Nikakimbia nayo studio hapo Uyole. Fundi akamkata mama yako, akamkuza, kisha akasimama. "Mzee, huu mkono siwezi kuutoa. Nikiutoa bega linabaki na shimo. Niuache?" Simu yangu ilikuwa inaita, gari lilikuwa limeshatoka mochwari. Nikamwambia auache.

Na nani aliibeba? Mtoto wa marehemu ndiye hubeba. Uliibeba wewe, umeikumbatia kifuani, uso wa mama yako umetazama watu, kwa hiyo wewe hukuona kitu. Bibi yako alikuwa amefika alfajiri kutoka Ipogolo. Akaitazama picha, akakutazama wewe, akanivuta kando kwa mkono wa koti. "Huu si mkono wa mtoto huyu? Mtu aliye hai anawekwaje kwenye picha ya marehemu? Mama yake atamvuta." Akaniacha, akaendelea kulia na wenzake. Watu walikuwa wameshaanza wimbo, na wewe ulikuwa umeshaanza kutembea.

Tulizika Jumapili. Jumanne Bosko alifika na lenzi. Habari za msiba hakuwa nazo. Watu walidhani anakuja kutoa pole, wakampisha njia, akapita katikati yao na boksi lake mpaka nilipokaa, akanipa kwa mikono miwili. Nililipokea kwa mikono miwili pia. Sikumbuki nilisema nini.

Ningeweza kuyasahau maneno ya bibi yako. Mimi ni mtu wa majani, nilizoea kuona kila ugonjwa una sababu yake. Lakini wiki iliyofuata uliugua. Mwili ulikuwa wa moto, ukaweweseka siku nzima, na saa tisa mchana ukaniambia waziwazi, macho yamefumbuka, "Baba, mwambie mama aniachie mkono."

Ulipona. Mimi sikupona. Niliishusha picha sebuleni, ukutani pakabaki msumari na alama nyeupe ya mraba, na alama ile ilinitazama vibaya kuliko picha yenyewe. Nikairudisha. Ulipouliza picha zako za komunyo nikasema memori kadi iliharibika. Haikuharibika. Iko kwenye kopo la majani ya chai, chini ya kitanda changu, imefungwa kwenye leso ya mama yako. Nilikunyang'anya siku yako na mama yako ili usiuone mkono wako mahali ulipo. Nilidhani nakukinga.

Kisha nikajiwekea sharti bila kumwambia mtu. Nisiingie kwenye picha moja na wewe kamwe, kwa sababu mimi ndiye nitakayetangulia, na sitaki nikiondoka niondoke na kipande chako. Sasa rudi nyuma ukumbuke. Mahafali yako ya kidato cha nne, shangazi yako anapiga kelele, "Baba Tuse, simama na mtoto!" na mimi nasema siwezi, mimi ndiye mwenye kamera. Kamera ilikuwa yako. Ulikuwa umeshaiokota kabatini na kujifunza mwenyewe, na kila ulipoigeuza kwangu niligeuza uso. Uliniangalia siku ile kwa namna ambayo sijaisahau. Ulidhani baba yako haoni fahari. Nilikuwa naona fahari, na nilikuwa naogopa.

Miaka kumi na miwili hatuna picha, mimi na wewe.

Mwezi uliopita nilikwenda Ipogolo, hapo Iringa, kupanga habari ya wewe kukaa kwa bibi yako. Macho yake yamechoka, anataka ulale chumbani kwake, kwa hiyo niliingia kufunga kitanda chako. Miaka yote umekwenda likizo ukilala chumba cha uani, chumba chake hukukijua, na mimi mkwe ningekijulia wapi. Nikainua macho. Juu ya kitanda chake kuna picha kwenye fremu ya mbao. Ngazi za kanisa, mama yako amekaa, wewe nyuma yake, gauni, glovu, uso wako wote na pengo la meno yako mawili yaliyokuwa yametoka. Haijakatwa popote.

Nyundo ilinitoka mkononi. Bibi yako akaja mlangoni.

"Mbona umesimama hivyo, umeona nyoka?"

"Mama, hii umeipata wapi?"

"Leontina alinitumia, wiki moja baada ya komunyo. Aliisafisha mjini akampa kondakta wa basi. Alisema wewe huna habari, unasubiri mashine kubwa."

Tuse, mama yako aliipenda picha ile. Ile niliyoipiga kwa kunung'unika, kwa kamera niliyoidharau, aliilipia mwenyewe na kumtumia mama yake.

Nikamuuliza bibi yako juu ya maneno yale ya msibani, kwamba aliye hai hawekwi pamoja na marehemu. "Mimi nilisema hivyo? Siku ile hata jina langu ungeniuliza nisingelijua. Sikumbuki, baba. Mbona hukuniuliza siku zote hizi?" Akaanza kukunja blanketi zako. Yeye analala chini ya picha yenu wawili kila siku, wewe ukiwa hai na mama yako marehemu, na hakuna aliyemvuta mwenzake.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa ushujaa. Nakuandikia kwa sababu kesho jioni utaingia chumba kile na utaiona, na nimeona ni heri uisikie kwangu kwanza. Kukuambia kwa mdomo nimejaribu mara tatu wiki hii. Mara mbili nilikwenda kwa ng'ombe.

Sasa kamera. Ile fulufremu nilimuuzia mtu wa Makongolosi, anawapiga picha wachimbaji siku wanapopata dhahabu. Sikuwahi kuitumia ipasavyo, kwa hiyo usinisikilize kama bingwa. Ni kweli ndani ya kanisa lenye giza itakusaidia. Ni kweli pia ni nzito, lenzi zake ni ghali, na ukimkuzia mtu picha ya ukutani hakuna mgeni atakayeuliza ilipigwa na sensa ya ukubwa gani. Atauliza huyu ni nani. Ninavyoona mimi, baki na ndogo kwanza na upate lenzi nzuri. Ukichagua lenzi, chagua iliyotengenezewa kubwa, kwa sababu hiyo inaingia kwenye zote mbili, ila kwenye ndogo itakuvuta karibu na itabidi urudi nyuma. Siku ukinunua fulufremu, nunua kwa furaha, sitakulaumu. Lakini wakati unaisubiri, ile uliyo nayo isilale kabatini. Mtu akikutolea kiti nje, mpige.

Lenzi ya Bosko iko mezani, kwenye boksi lake. Utepe wa gundi haujabanduliwa tangu Jumanne ile. Ni ya hamsini, ya kamera kubwa, inaingia kwenye yako. Huenda ukungu umeota kwenye kioo, miaka ni mingi na nyumba hii ina unyevu. Kama umeota, basi picha itakuwa na ukungu. Ifungue wewe, mimi siwezi. Kando yake nimeweka kopo la majani ya chai. La ndani ni lako, lilikuwa lako siku zote.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi bado, nenda chuo, usome, utanisamehe ukipata nafasi.

Barua hii nimeiweka juu ya begi, si ndani, ili uione kabla ya basi. Basi linapita saa mbili asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu mwanga unakuwa mlaini pale ukutani, na mimi nitakuwa nimeshatoa kiti nje, nimeoga, nimevaa koti langu la kanisani. Kamera iweke juu ya pipa la maji, lisogeze mpaka kwenye banda la ng'ombe ndipo tutakapoenea wote. Weka taima, kisha uje usimame nyuma yangu.

Niwekee mkono begani. Glovu hapana, mwanangu, nataka niusikie mkono wenyewe.

Nakusubiri nje,
Baba yako